Ruvu: Jina la Mto na Mwanzo wa Mji

Utangulizi

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Morogoro kwa reli hupita Pugu na Soga, kisha hufika Ruvu. Ni mji mdogo katika Wilaya ya Kibaha, kandokando ya mto wenye jina hilo hilo, na upande wa kusini wake yapo maeneo ya Kisarawe, nchi ya Wazaramo. Jina lake hutamkwa kila siku na watu wengi ambao hawajapata kukanyaga pale. Limo katika majina ya hifadhi za misitu, Ruvu Kaskazini na Ruvu Kusini. Limo katika jina la kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Limo pia katika mitambo miwili ya maji ya Dar es Salaam, Ruvu Juu na Ruvu Chini. Hata hivyo ni wachache wanaouliza jina hilo lilitoka wapi, na mji huo ulianzaje.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo, na yamekusudiwa hasa kwa wachungaji na wanafunzi wa theolojia. Yeyote kati yetu aweza kupangiwa kazi katika mahali kama Ruvu, naye atakapofika atakuta watu wamekwisha kuishi hapo, wamekwisha kupaita mahali pao kwa jina, na wamekwisha kumwomba Mungu mvua. Namna anavyolipokea jina la mahali yaonyesha namna atakavyowapokea wenye mahali hapo. Neno tunalotaka kulisema ni hili: historia ya Ruvu inatufundisha kwamba majina yaliyotolewa na wageni bila kuwauliza wenyeji hayakudumu, na kwamba Kanisa hujenga vema linapoanza kwa kulichimbua jina lililokuwapo.

Mto wenye majina mawili

Mto Ruvu huanzia katika milima ya Uluguru. Hushuka kwenye nyanda za chini, huupokea mto Ngerengere, hupita kati ya nchi za Wazaramo na Wakwere, na mwishowe humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Katika safari hiyo yote ni mto mmoja, lakini kwa muda mrefu uliitwa kwa majina mawili. Watu wa pwani waliuita Kingani, hasa katika sehemu yake ya chini iliyo karibu na bahari. Watu wa bara waliuita Ruvu.

Wasafiri wa Ulaya waliofika katika karne ya 19 walianzia pwani, na viongozi wa misafara yao walikuwa watu wa pwani. Kwa hiyo jina walilolisikia kwanza na kuliandika lilikuwa Kingani. Ndivyo ilivyokuwa kwa Richard Burton na John Speke mwaka 1857 walipopita Uzaramo, na ndivyo ilivyokuwa kwa Henry Stanley mwaka 1871 alipouvuka mto huo muda mfupi baada ya kuondoka Bagamoyo. Vitabu vyao vilisomwa kotekote Ulaya, na kwa miaka mingi mtu aliyefungua ramani ya nchi yetu aliona Kingani.

Leo ramani zinaandika Ruvu. Jina lililokuwa na nguvu ya vitabu limerudi nyuma, na jina la watu wa bara limeshika nafasi. Si kwamba Kingani halikuwa jina la kweli. Watu wa pwani walikuwa na haki ya kuuita mto uliopita mlangoni pao. Bali mgeni aliyesimama mlangoni alidhani amekwisha kuijua nyumba yote. Hatari hiyo ingali nasi. Mtumishi aliyezungumza na watu wa stesheni na wenye maduka tu, akaacha kwenda vitongojini, naye atakuwa amejua jina moja kati ya mawili.

Maana ya jina

Ruvu si jina la mto mmoja peke yake. Mto Pangani, katika sehemu yake ya juu, kutoka nyanda za Kahe chini ya Kilimanjaro mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu, nao huitwa Ruvu. Tena katika maandishi ya zamani tunaona maumbo kama Rufu, Luvu na Ruvu, kwa kuwa sauti za l na r hubadilishana katika lugha nyingi za eneo hili. Mito miwili mikubwa iliyo mbali hivi, kila mmoja ukipita kati ya watu wake, ikibeba jina moja, yaonyesha kwamba jina hilo halikutungwa kwa ajili ya mto mmoja tu. Laelekea kuwa neno la kawaida la kutaja maji makuu yaendayo. Wenyeji waliposema Ruvu walisema kama tusemavyo sisi, "Mto."

Ushahidi mwingine wa desturi hiyo uko kwenye chanzo cha mto wenyewe. Waluguru, ambao katika milima yao Ruvu huanzia, wamepata jina lao kutokana na neno la mlima: ni watu wa milimani. Basi juu kuna watu walioitwa kwa mlima wao, na chini kuna maji yaliyoitwa mto. Majina ya namna hii hayatangazi ushindi wa mfalme wala hayamsifu mtu. Yanataja kile ambacho watu hawawezi kuishi bila hicho.

Msomaji wa Agano la Kale hapaswi kushangaa. Kwa Kiebrania mto Frati mara nyingi haukutajwa kwa jina lake, bali uliitwa tu ha-nahar, yaani Mto. Yoshua alipowakumbusha Waisraeli asili ya baba zao, alisema juu ya watu waliokaa ng'ambo ya Mto (Yos. 24:2), na kila msikilizaji alijua ni mto gani. Vivyo hivyo neno ye'or, ambalo kwa kawaida hutaja mto Nile, lina maana ya mto. Penye maji moja makuu hapahitajiki jina refu.

Tuseme pia neno la tahadhari. Watu hupenda kutunga visa ili kueleza majina, na mara nyingine kisa huwa kitamu kuliko kweli. Mchungaji asikidharau kisa cha wazee, maana hata kisa kilichotungwa baadaye hueleza jinsi watu wanavyojiona. Lakini asikifanye historia mpaka amekilinganisha na lugha, nchi na maandishi.

Mwanzo wa mji

Mto ni wa kale, na jina ni la kale, lakini mji wa Ruvu ni mtoto wa reli. Kabla ya reli, kingo za mto zilikuwa mahali pa mashamba, uvuvi na kuvuka. Wazaramo na Wakwere walikutana hapo, na maji yaliwatenganisha na kuwaunganisha kwa wakati mmoja. Bonde lilitoa mpunga, na maji yalitoa samaki pamoja na hatari ya viboko na mamba. Mto huo ulijulikana kwa watu wake muda mrefu kabla ya kujulikana kwa wapima ardhi.

Mwaka 1905 serikali ya Kijerumani ilianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam kuelekea Morogoro. Kazi ilianza Februari. Mwezi Julai mwaka huo huo Vita vya Maji Maji vililipuka huko Umatumbi, navyo vikaenea upesi. Uzaramo haukubaki nje. Kibasila, jumbe wa Kisangire, aliyepinga kilimo cha pamba cha kulazimishwa, alinyongwa na Wajerumani, na leo jina lake linakumbukwa katika shule ya sekondari jijini Dar es Salaam. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907. Maana yake ni kwamba reli iliuvuka mto Ruvu katika miaka ile ile ambayo damu ilimwagika kusini mwa nchi na katika Uzaramo wenyewe. Tukisimama darajani tukaona chuma tu, tumeona nusu ya habari.

Daraja na stesheni vilileta watu. Reli ya Kati ilijengwa na mikono ya watu wengi waliotoka mbali, hata Unyamwezi na Usukuma, na kila stesheni ilihitaji watu wa kuitunza njia, kupokea mizigo na kuuza chakula. Hivyo ndivyo miji midogo mingi ya reli ilivyozaliwa. Palipokuwa na kivuko palikuwa na stesheni. Palipokuwa na stesheni palikuwa na soko. Penye soko palitokea msikiti, kanisa na shule. Jina lililotumika kwa stesheni halikuwa la gavana wala la mhandisi. Lilikuwa jina la maji yaliyokuwa chini ya daraja.

Mwaka 1963 Ruvu ilipata sura mpya, reli ya kuiunganisha Reli ya Kati na reli ya Tanga ilipokamilika. Ilitoka Ruvu ikaenda hadi Mruazi, na stesheni ndogo ikawa njia panda ya nchi. Mwaka huo huo, huko Kibaha, ulianza mradi wa elimu, afya na kilimo ulioanzishwa na Tanganyika pamoja na nchi za Nordiki, ambao mwaka 1970 ulikabidhiwa kwa serikali na kujulikana kama Shirika la Elimu Kibaha. Na mnamo Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri, likiwamo lile la Uzaramo na Uluguru, yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kwa jina tulijualo leo. Tuangalie jina hilo la kanisa la zamani: Uzaramo na Uluguru, nchi ya chini na nchi ya juu ya mto mmoja.

Treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, stesheni mpya ilijengwa na jina likabaki Ruvu. Reli imebadilika, serikali zimebadilika, lakini jina halikubadilika.

Majina ya wamisionari

Hapa inatupasa kuiangalia historia yetu wenyewe. Shirika la misioni lililoanzishwa Berlin mwaka 1886 kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani lilimtuma Johann Jakob Greiner, naye alifika Dar es Salaam mwaka 1887. Kituo cha pale kiliitwa Immanuelskap, yaani Rasi ya Imanueli. Mwaka 1892 kazi ilifika Kisarawe, na kituo kikaitwa Hoffnungshöhe, maana yake Kilima cha Tumaini. Mwaka 1895 kazi ilifika Maneromango. Mwaka 1903 kazi ya Uzaramo ilichukuliwa na Misioni ya Berlin iliyo ya zamani zaidi.

Katika Usambara shirika hilo la kwanza lilikiita kituo cha Mlalo Hohenfriedeberg, na kile cha Mtae Betheli. Kusini, Misioni ya Berlin ilikuwa na Wangemannshöhe, kwa heshima ya mkurugenzi wake. Majina haya yalitolewa kwa imani na kwa sala, wala hatuna sababu ya kuyacheka. Lakini leo ni nani katika Kisarawe asemaye anakwenda Hoffnungshöhe? Watu husema Kisarawe. Watu husema Mlalo. Majina yale yamebaki katika barua na taarifa za misioni, na Injili iliyohubiriwa chini yake imebaki katika majina ya wenyeji.

Hili lina maana ya kitheolojia. Tumaini lenyewe lilidumu Kisarawe. Jina lake la Kijerumani ndilo lililoondoka. Injili haikuhitaji kulifuta jina la mahali ili ikae mahali hapo. Tena kubadilisha jina ni tendo la mamlaka. Mfalme wa Babeli alimbadilishia jina Matania akamwita Sedekia (2 Fal. 24:17), na mkuu wa matowashi aliwabadilishia majina Danieli na wenzake (Dan. 1:7). Wamisionari hawakukusudia kuwa Babeli. Lakini walitoa majina hayo katika wakati ambapo serikali ya nchi yao ilikuwa ikitwaa ardhi, kodi na nguvu za watu, na masikio ya wenyeji hayakuwa na wajibu wa kutofautisha mgeni mmoja na mwingine.

Mto na ibada

Wengine watasema kwamba jina la mto ni jambo la jiografia, wala halimhusu mchungaji. Tunakataa. Katika milima ya Uluguru, ambako Ruvu huanzia, ndiko kulikokuwa na Kolelo, mahali ambako Wazaramo waliwapeleka wajumbe wao kuomba mvua. Mwaka 1905 jina la Kolelo lilitajwa pia katika habari za kukataa kodi ya Wajerumani. Martin Klamroth, mmisionari wa Berlin katika Uzaramo, alizichunguza imani hizi na kuanza kuchapisha maelezo yake mwaka 1910. Baadaye Marja-Liisa Swantz wa Ufini alichapisha mwaka 1970 utafiti wake mkubwa juu ya ibada na alama za Wazaramo. Kwa hiyo mwanafunzi wa leo hana udhuru wa kusema kwamba hapakuwa na kitu.

Si kazi yetu kuirudisha ibada ya Kolelo. Kazi yetu ni kusikia swali lililokuwa ndani yake: ni nani atoaye maji? Watu wa nchi ya chini walijua kwamba uhai wao unatoka juu, mahali wasipotawala. Mhubiri ajaye kwao na habari ya Mungu anyesheaye mvua wenye haki na wasio haki (Mt. 5:45) hafundishi jambo lisilo na mlango. Mlango upo, na umo katika njia ya mto.

Tena maji ya Ruvu yameingia katika ibada yetu sisi. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini mwaka 1976. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam hutoka huko. Mto ulipopungua mwezi Oktoba 2022, jiji liliingia katika mgao wa maji. Basi mchungaji wa jijini anapomimina maji juu ya kichwa cha mtoto, mara nyingi maji hayo ni ya Ruvu. Katika kitabu chake cha ubatizo cha mwaka 1523 Luther aliweka sala ikumbushayo kwamba kwa ubatizo wa Kristo katika Yordani maji yote yametengwa kwa ajili ya wokovu. Maji yote: si Yordani peke yake, bali hata maji yaliyopita Uluguru, Mlandizi na Kibaha. Anayejua hayo hawezi kuona ukataji wa misitu kwenye vyanzo vya mto kuwa ni jambo la maofisa wa maliasili tu.

Mfano wa Isaka

Maandiko yanatupa mfano ulio wazi katika Mwanzo 26. Wafilisti walikuwa wamevifukia visima vilivyochimbwa siku za Ibrahimu. Isaka alivichimbua tena, na akaviita kwa majina yale yale aliyoyaita baba yake (mst. 18). Baadaye tu ndipo watumishi wake walipochimba visima vipya, naye akavipa majina mapya: Eseki, Sitna na Rehobothi. Utaratibu huu ni wa maana. Kwanza kuchimbua, kisha kuchimba; kwanza jina lililofukiwa, kisha jina jipya. Wala majina mapya hayakutungwa mezani. Yalitokana na ugomvi uliotokea pale na nafasi iliyopatikana pale.

Kwa sababu hiyo twapendekeza kwamba, kabla ya kuupa jina mtaa au usharika mpya, mchungaji na wazee wa kanisa wajiulize maswali matatu. Kwanza, wenyeji wanapaitaje mahali hapa, na kwa lugha gani? Pili, jina hilo linakumbuka nini: maji, mti, mtu, vita, au neema? Tatu, je, jina tunalotaka kulitoa litawasaidia majirani wasio Wakristo kutufahamu, au litawaambia kwamba tumekuja kuanza historia upya? Swali la tatu ni zito katika Uzaramo, ambako wenyeji wengi ni Waislamu, na ambako sharika zetu mara nyingi zina watu waliohamia kwa kazi. Kanisa la wageni likijitia jina la kigeni litaonekana la kupita njia, kama treni.

Hatusemi kwamba majina ya Biblia yaachwe. Betheli lenyewe liliitwa kwanza Luzu, na mwandishi wa Mwanzo hakulificha jina hilo la kwanza (Mwa. 28:19). Usharika waweza kuitwa Imanueli na bado ukawa Imanueli wa Ruvu. Jambo la lazima ni kwamba jina la pili lisiwe jiwe juu ya kisima.

Hitimisho

Tumeona kwamba mji wa Ruvu ulianza kwa reli katika miaka ya 1905 hadi 1907, lakini jina lake lilikuwa limekwisha kukaa juu ya maji kabla ya daraja. Limeyashinda maandishi ya wasafiri na limebaki hata baada ya watawala waliojenga reli kuondoka. Paulo alipofika Filipi alitoka nje ya lango akaenda kando ya mto, mahali alipodhani pana watu wa kusali, akaketi na kusema na wanawake waliokusanyika (Mdo. 16:13). Usharika wa Filipi ulianza kwa mtume kwenda mahali ambapo watu walikuwa wamekwisha kukutana, na kuketi nao. Yeyote atakayetumwa Ruvu, au mahali pengine pa namna hiyo, na aanze hivyo: aketi, aulize jina, asikilize jibu, kisha afundishe.